Saratani ya Nasaba: Nani Atamweleza Mgonjwa, na kwa Lugha Gani?

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo aghalabu hutumiwa kumkemea mgonjwa anayejua anapoumia lakini akanyamaza kwa haya au kwa hofu. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo mwenyewe hakuyaficha. Yamejificha katika damu ya ukoo mzima, kizazi baada ya kizazi, na anayeyabeba anaweza kulima, kufundisha na kulea watoto kwa miaka 40 pasipo kuhisi lolote. Mtu kama huyo hastahili kukemewa. Anachohitaji ni kuelezwa jambo ambalo hakulijua, aelezwe na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, na kwa lugha ambayo yeye huitumia anapozungumza na jamaa zake. Kazi hiyo ndiyo wataalamu huiita ushauri nasaha wa kijenetiki. Makala haya yanadai kwamba wagonjwa wengi wa saratani nchini Kenya wangali mbali nayo, hata wale wanaoketi hatua chache tu kutoka mlango wa maabara.

Hali hiyo hudhihirika vyema katika mtaa wa Hurlingham, jijini Nairobi. Barabara ya Argwings Kodhek, inayopita mtaani humo, ina jina la wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, aliyefariki mwaka 1969 katika barabara hiyo hiyo. Matatu za nambari 46 ziendazo Kawangware huipita mchana kutwa, na abiria wengi wanaoshuka njiani wamebeba bahasha kubwa za picha za eksirei. Kando ya barabara kumejipanga hospitali, kliniki, maabara na maduka ya dawa. Hospitali ya Nairobi ilianza mwaka 1954 ikiwa hospitali ya Wazungu. Hospitali ya wanawake ya Nairobi Women's ilifunguliwa mtaani humo mwaka 2001. Ukivuka barabara ya Ngong unaikaribia Hospitali Kuu ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901 ikiwa hospitali ya wenyeji. Ubaguzi wa rangi ulioziweka hospitali hizi pande mbili umekwisha zamani, ila mfuko wa fedha umeshika nafasi yake. Katika suala la saratani ya urithi, pengo baina ya pande hizo mbili ni pana kuliko barabara yenyewe.

Mtaa huu umeshuhudia misiba iliyotikisa taifa. Tarehe 25 Septemba 2011, Profesa Wangari Maathai alifariki katika Hospitali ya Nairobi kutokana na saratani ya ovari. Mnamo Julai 2019, taifa lilimpoteza Bob Collymore wa Safaricom mwanzoni mwa mwezi, na mwishoni mwake, kwa muda wa siku tatu tu, likampoteza Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Wote watatu waliuawa na saratani za aina mbalimbali. Ni kosa kudai kwamba ugonjwa wa yeyote kati yao ulitokana na urithi, na makala haya hayadai hivyo. Jambo la kuzingatia ni mjadala uliofuata. Watu walilia mashine za mionzi, wakalia bei ya dawa, wakataka saratani itangazwe kuwa janga la kitaifa. Vilio hivyo vilikuwa vya haki. Lakini swali la jamaa wanaobaki, yaani nani miongoni mwao apimwe, lini, na nani atamweleza maana ya kipimo, lilisikika kwa nadra sana.

Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, Kenya ilipata wagonjwa wapya 44,726 mwaka 2022, na watu 29,317 walikufa. Kwa jumla wataalamu hukisia kwamba saratani tano hadi kumi katika kila mia hutokana na hitilafu ya jeni iliyorithiwa. Kwa kipimo hicho, wagonjwa wapya baina ya 2,200 na 4,500 hivi kila mwaka wana jambo la kuwaambia ndugu zao. Ndugu hao hawamo katika hesabu yoyote, maadamu hawajaugua.

Maarifa yenyewe si mageni tena. Mwaka 1990 mwanasayansi Mary-Claire King wa Marekani alionyesha kwamba katika kromosomu ya 17 ipo jeni inayohusiana na saratani ya matiti inayoandama familia. Jeni hiyo, BRCA1, ilipatikana mwaka 1994, na mwenziwe BRCA2 mwaka uliofuata. Kampuni moja ya Marekani ilizimiliki kwa hataza hadi Juni 2013, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua kwamba jeni ya asili haiwezi kuwa mali ya mtu. Tangu hapo bei ya kipimo imeshuka sana. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA1 ana uwezekano wa asilimia 72 wa kupata saratani ya matiti kabla ya kufika umri wa miaka 80, na asilimia 44 ya kupata ile ya ovari. Anayejua mapema anaweza kuanza kuchunguzwa akiwa kijana, au kuamua kuondolewa ovari akishamaliza kuzaa. Asiyejua husubiri uvimbe.

Wapo wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Utafiti uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 2018 uliwapima wanawake 1,136 wenye saratani ya matiti; 167 kati yao, yaani takribani mmoja katika kila saba, walikuwa na hitilafu ya jeni ya kurithi. Aidha, saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo hutokana na urithi kwa takribani wagonjwa 40 katika kila 100, na ndugu mchanga wa mtoto kama huyo anapaswa kuchunguzwa macho tangu siku za kwanza. Afrika imo katika jambo hili sawasawa na bara jingine lolote.

Je, mgonjwa wa Nairobi anapataje huduma? Mwenye uwezo huenda kwa daktari wa saratani, naye akamwandikia kipimo. Damu au mate huchukuliwa katika maabara ya jijini, na mara nyingi husafirishwa ng'ambo. Gharama ni makumi ya maelfu ya shilingi. Baada ya majuma kadhaa majibu hurudi kwa baruapepe, kurasa nyingi za Kiingereza kigumu. Hapo ndipo safari ya wengi hukomea. Wataalamu waliosomea ushauri nasaha wa kijenetiki ni wachache mno nchini, na daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni hana saa nzima ya kukaa na mtu mmoja akichora naye mti wa ukoo. Sampuli imeweza kuvuka bahari ikarudi, ila majibu yameshindwa kuvuka meza kutoka kwa daktari hadi kwa mgonjwa.

Hii ndiyo sababu suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili pia, wala si madaktari peke yao. Ushauri nasaha ni mazungumzo tangu mwanzo hadi mwisho. Hauna sindano wala dawa; chombo chake ni neno. Neno likiwa bovu, huduma yote ni bovu.

Yaanze maneno ya ugonjwa wenyewe. Saratani ni neno tulilopokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kaa, yule mdudu wa pwani mwenye magando. Kansa, kupitia Kiingereza, imetoka Kilatini kwa maana hiyo hiyo ya kaa. Watu hutaja majina yote mawili kwa sauti ya chini. Katika matangazo ya vifo ugonjwa haupewi jina. Marehemu "ameugua kwa muda mrefu". Mashambani husemwa kwamba alikuwa na uvimbe, au tumbo lilimsumbua, au kuna mtu alimwonea kijicho. Kwa mwanafunzi wa fasihi hizi ni tafsida za kawaida. Kwa mshauri anayetafuta kujua nyanya alikufa kwa nini, kila tafsida ni ukurasa uliochanwa kutoka kitabu cha ukoo.

Kisha lipo neno vinasaba, linalotumiwa sana Tanzania, ilhali Kenya watu husema jeni au chembe za urithi. Vinasaba limetokana na nasaba, na ubora wake hauhitaji hoja ndefu: msikilizaji hata asiyejua biolojia huelewa papo hapo kwamba linalozungumziwa ni jambo la ukoo. Hata hivyo neno lina upande wake wa hatari. Katika jamii zetu nasaba huchunguzwa kabla ya posa. Wazee hutumwa kuuliza kama katika ukoo wa binti kuna kifafa, kichaa au ugonjwa mwingine wa kuogopwa. Mshauri akitamka kwa wepesi kwamba vinasaba vya mtu vina "kasoro" au "ubovu", amewafungia mabinti watatu mlango wa ndoa, na hakuna atakayerudi kwake kupimwa. Inafaa aseme "badiliko", aeleze kwamba badiliko hilo linaongeza uwezekano wa ugonjwa, wala si ugonjwa wenyewe.

Maneno ya majibu nayo yana mitego. Matokeo "chanya" ni nini kwa mtu ambaye kila siku huhimizwa kuwa na mtazamo chanya? Zamani za kampeni za ukimwi, walikuwapo waliofurahi kuambiwa hivyo hadi walipofafanuliwa. Katika jeni lipo jibu la tatu lililo gumu zaidi: badiliko limeonekana, lakini maana yake haijathibitika. Jibu hilo huwapata Waafrika mara nyingi kuliko Wazungu, kwa kuwa kumbukumbu za jeni zinazotumiwa kulinganishia zilijengwa zaidi kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Mgonjwa anayelipokea bila maelezo ataondoka ama akidhani amehukumiwa, ama akidhani amesalimika, na yote mawili si kweli. Kuna mwanamke anayeweza kukatwa titi kwa jibu ambalo baada ya miaka mitano litabainika kuwa halikuwa na madhara.

Upo upande mmoja, nao ni wa kujivunia, ambapo Kiswahili kinashinda Kiingereza waziwazi. Kazi ya kwanza ya mshauri ni kuchora mti wa ukoo na kuutenga upande wa baba na upande wa mama. Mwingereza husema "aunt" akanyamaza, nawe hujui ni dada wa nani. Mswahili akisema shangazi, ni dada wa baba. Akisema mama mkubwa au mama mdogo, ni dada wa mama. Mjomba ni wa kwa mama, amu na baba mdogo ni wa kwa baba. Nusu ya maswali ya fomu imejibiwa na msamiati wenyewe. Jambo hili lina uzito wa kitabibu. Wengi, hata baadhi ya wahudumu, hudhani kwamba saratani ya matiti hurithiwa kwa mama tu, ilhali baba anaweza kuibeba BRCA1 au BRCA2 na kumpa bintiye bila yeye mwenyewe kuugua. Maswali ya upande wa shangazi yanaposahauliwa, mti mzima huchorwa nusu.

Lakini Kiswahili hicho hicho kinahitaji mtu anayekijua. Hebu yafikiriwe mazungumzo haya katika chumba cha kliniki:

"Mama, umesema mama alikufa kwa saratani. Ni mama mzazi?"

"La, ni mama mdogo. Mama mzazi yuko hai, yuko Murang'a."

"Na huyo mama mdogo, ni dada wa mama wa tumbo moja, ama ni mke mdogo wa baba?"

"Ni mke wa baba."

Swali moja la ziada limebadilisha kila kitu. Mke mdogo wa baba hana uhusiano wa damu na mgonjwa, na saratani yake haiingii katika hesabu. Mshauri aliyefunzwa kwa kitabu cha Uingereza peke yake angeandika "mama" au "dada wa mama" na kumtuma mwanamke huyu kulipia kipimo ambacho pengine hakihitaji. Ndugu, kaka na binamu ni maneno mapana vilevile. Utamu wa lugha unamlazimu mwulizaji asichoke kuuliza.

Methali pia huingia chumbani pasipo kualikwa. Maji hufuata mkondo, mgonjwa atasema, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Mshauri hana budi kuzijibu kwa heshima. Kila mtoto wa mwenye badiliko ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi, kama shilingi inayorushwa juu. Shilingi hiyo hurushwa upya kwa kila mtoto, na kwamba dada mkubwa amelipata hakumlindi wala hakumpatilizi mdogo wake. Na asiyelirithi hawezi kuwarithisha wanawe. Mkondo huo unaweza kukatika, na ni habari njema ambayo methali haina nafasi yake.

Hoja ya lugha si ya kishairi tu. Ni ya kisheria. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kisomo. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo imeziweka taarifa za kijenetiki miongoni mwa taarifa nyeti. Ni vigumu kuona jinsi mtu anavyotia saini ya ridhaa chini ya fomu asiyoweza kuisoma, ikaitwa ridhaa.

Watakuwapo watakaopinga. Watauliza: nchi ambamo wagonjwa wengi hufika hospitalini saratani ikiwa imekwisha kuenea, na ambamo foleni ya mionzi haiishi, ina haki gani ya kuzungumzia jeni? Si anasa hiyo? Swali ni la maana na halifai kupuuzwa. Jibu lake ni kwamba hakuna anayependekeza kila Mkenya apimwe. Wanaohitaji kupimwa kwanza wanajulikana: mwenye saratani ya ovari, mwanamke aliyepata saratani ya matiti akiwa kijana, mwanamume mwenye saratani ya matiti, mtoto mwenye saratani ya jicho, familia yenye wagonjwa watatu au wanne upande mmoja. Badiliko likishapatikana kwa mmoja wao, jamaa zake hutafutiwa badiliko hilo moja tu, na kipimo cha namna hiyo ni rahisi kuliko kile cha kwanza. Ni jamaa hao ndio wanaoweza kukutwa mapema, na hivyo kutofika katika foleni ya mionzi inayolalamikiwa.

Ugumu ni kwamba jamaa hao hawana wa kuwalipia. Bima ya zamani ya NHIF ilianzisha kifurushi cha saratani mwaka 2016. SHA ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024, ilianza kwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 za ziada kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Fedha hizo zimekadiriwa kwa tiba ya aliyekwisha kuugua, na hazimtoshi hata huyo. Mdogo wake mzima wa afya, ambaye kipimo kimoja kingeweza kumwepusha na tiba hiyo, hana anakoingia. Sera inayomngoja mtu augue ndipo imtambue ni sera ghali.

Kenya imewahi kulishinda jambo linalofanana na hili. Ukimwi ulipotangazwa kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, kupimwa kulikuwa jambo la hofu na la hospitali chache. Vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari vilihesabika kwa vidole mwaka 2000. Kufikia katikati ya muongo huo vilikuwa mamia, sokoni, vituoni mwa matatu, katika mahema ya vijijini. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wauguzi, wafanyakazi wa jamii na watu wa kawaida waliofunzwa kwa majuma machache, wakasimamiwa, wakazungumza Kiswahili na lugha za mama. Maneno ushauri nasaha yenyewe yaliingia vinywani mwa wananchi kwa njia hiyo. Ni kweli kwamba virusi si jeni: kirusi ni cha mtu, jeni ni ya ukoo, na anayepima damu yake amewapima nusu ndugu zake bila kuwauliza. Kwa hiyo mafunzo yatakuwa marefu zaidi, na penye mashaka mshauri atampeleka mgonjwa kwa mtaalamu, hata kwa simu. Ila wazo kwamba kazi hii haiwezi kufanywa na muuguzi wa Mombasa, Nakuru au Garissa, ambako tayari vipo vituo vya saratani vya umma, limekwisha kukanushwa na historia ya nchi hii yenyewe.

Kinachokosekana kwa muuguzi huyo ni msamiati uliokubaliwa na mwongozo wa kuutumia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kabla BRCA1 haijapatikana. Tangu hapo sayansi ya urithi imekimbia. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu hujadili kila mwaka istilahi za ushairi na za isimu, na ni vyema. Idara ya Kiswahili na skuli ya udaktari katika chuo kikuu kimoja hutenganishwa na safari ya matatu moja. Wanafunzi watatu wa Kiswahili, wauguzi wawili wa kliniki ya saratani na daktari mmoja wanaweza kuketi kwa muda wa likizo moja wakaandaa fomu ya historia ya ukoo yenye kurasa mbili, wakaijaribu kwa wagonjwa walio tayari, wakaondoa kila neno linalomfanya mgonjwa aulize "ni nini hiyo?". Swali la kwanza katika fomu hiyo liwe juu ya shangazi, kwa kuwa ndiye anayesahauliwa: wako wangapi, nani kati yao ameaga dunia, na alipoanza kuugua alikuwa na umri gani.